Bleomisini, chuma na oksijeni: je, mgonjwa aache vidonge vya kuongeza damu?

«Assalamu alaykum. Mdogo wangu wa kiume, miaka 26, ana saratani ya tezi aina ya Hodgkin. Anatibiwa Dar es Salaam kwa dripu ya dawa nne kila baada ya wiki mbili, na sasa amemaliza dripu tano. Damu yake imeshuka hadi 8.9, na kituo cha afya cha huku kwetu Unguja kimempa FEFO, vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Jirani aliyesoma kemia ametuambia kwamba moja ya dawa hizo, bleomisini, ni antibayotiki inayofanya kazi kwa kushika chuma na oksijeni. Kwa hiyo chuma kikizidi mwilini sumu yake inazidi, na kikipungua dawa inalala. Sasa ale maini na anywe rozela, au aache? Tena tumesikia aliyepata dawa hii haruhusiwi kuwekewa oksijeni hospitali maisha yake yote. Ana ngiri inayosubiri upasuaji, na kazi yake ni kuzamia na watalii kwa mitungi. Tangu juzi ana kikohozi kikavu. Nimechanganyikiwa.»

Wa alaykumu ssalaam, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mambo mengi, nami nitaanza na lile ulilolitaja mwisho kwa sababu ndilo lisilongoja: kikohozi. Mgonjwa anayepata bleomisini akianza kukohoa kikavu, au akianza kuhema kwa ngazi alizokuwa akizipanda bila shida, asipewe bleomisini nyingine mpaka mapafu yachunguzwe. Usimnunulie dawa ya kikohozi ukangoja zamu ya dripu ya sita. Pigeni simu kwenye kitengo chake cha saratani leo. Waambieni tarehe kikohozi kilipoanza, kama kuna homa, na kama anachoka kuliko wiki iliyopita.

Huko atapimwa oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni akiwa ameketi, kisha apimwe tena baada ya kutembea dakika kadhaa, maana mapafu yanayoanza kuumia huonekana mazima mtu akiwa amepumzika. Daktari atasikiliza mgongoni, chini ya mbavu, ambako madhara haya huanzia, na atapiga picha ya kifua. Picha ya kawaida inaweza kuwa safi siku za mwanzo, hivyo ikiwa safi na kikohozi kikaendelea, ombeni CT, picha inayoonyesha mapafu kwa kina zaidi. Makohozi yapimwe kifua kikuu pia. Kwetu hilo haliachwi, hasa kwa mtu ambaye kinga imeshushwa na dawa. Tezi za kifuani zenyewe huweza kuleta kikohozi, na mafua ya kawaida vilevile, kwa hiyo sisemi kwamba mapafu yake yameharibika. Ninachosema ni kwamba mtu akiwa kwenye bleomisini, kikohozi hakikisiwi, hupimwa.

Sasa turudi kwa jirani yenu. Kemia yake ni ya kweli. Alipokosea ni pale alipoitoa kwenye bomba la maabara akaipeleka moja kwa moja mezani kwenu.

Neno «antibayotiki» kwanza, kwa sababu linawasumbua wengi. Bleomisini imeitwa hivyo kwa asili yake: hutengenezwa na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces verticillus, na iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na Hamao Umezawa na wenzake. Haitibu mafua wala kidonda. Mtu ambaye amoksilini haimsaidii tena hana usugu wowote dhidi ya bleomisini. Na akiandikiwa antibayotiki za kawaida kwa homa, azinywe.

Molekuli yenyewe ina sehemu mbili za kuzijua. Upande mmoja kuna kitu kama gando la kaa: atomu tano za nitrojeni zilizojipanga kuzunguka nafasi moja, na chuma kikiingia hapo hushikwa barabara. Upande wa pili ni mkia wenye chaji chanya, ambao hujilaza kwenye DNA ndani ya kiini cha seli. Gando linashika chuma, mkia unashika DNA. Hivyo chuma kinafikishwa mahali ambapo kwa kawaida hakiruhusiwi kuranda, sentimeta sifuri kutoka kwenye uzi wa uhai wa seli.

Atomu tano zimeshika chuma, lakini chuma kina nafasi sita za kushikwa. Ile ya sita ndiyo mlango wa oksijeni. Chuma kikiwa katika hali yake yenye chaji mbili, molekuli ya oksijeni hukaa hapo. Kisha elektroni moja zaidi huongezwa pamoja na hidrojeni, na kinachopatikana ni chuma chenye chaji tatu kilichobeba atomu mbili za oksijeni na moja ya hidrojeni nchani. Wanakemia huiita bleomisini iliyoamshwa. Haidumu, kwa sababu ina njaa kali ya hidrojeni, na huipora kutoka kaboni namba nne ya sukari iliyo kwenye uti wa DNA.

Hapo ndipo oksijeni inaingia mara ya pili, na wengi hawalijui hili. Sukari iliyoporwa hidrojeni ikikutana na molekuli nyingine ya oksijeni, huvunjika na uzi wa DNA hukatika palepale. Ikiwa oksijeni ya pili haipo karibu, sukari hupoteza herufi yake ya kinasaba lakini uzi haukatiki papo hapo, bali hubaki na mahali dhaifu. Oksijeni basi hutumika mara mbili: mara ya kwanza kuiamsha dawa, mara ya pili kukamilisha mkato. Na dawa haikati ovyo. Hupendelea mahali ambapo herufi G inafuatwa na C au T. Mikato miwili ikitokea jirani kwenye nyuzi zote mbili, seli inayojigawa upesi, kama ya saratani, hushindwa kuunga na kufa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti nchini Marekani walionyesha jambo hili wazi: ukiweka bleomisini na DNA kwenye bomba bila chuma, au ukaongeza kemikali inayokiteka chuma chote, ukataji unasimama. Jirani yenu bila shaka alisoma kitu cha namna hiyo. Na kutoka hapo mtu anaweza kujiambia kwamba chuma kikiwa kingi dawa ni kali na kikiwa haba dawa imelala. Kwa bomba la maabara hesabu hiyo inakubali. Kwa mwili wa binadamu tuipige upya.

Kwa mpangilio wa dawa nne anaopata mdogo wako, unaoitwa ABVD, bleomisini ni yuniti 10 kwa kila mita mraba ya mwili. Kijana wa umbo la kawaida hupata takriban yuniti 17 kwa dripu moja, ambazo kwa uzito hazizidi miligramu 17 za dawa. Molekuli ya bleomisini ni nzito, na kila moja inashika atomu moja tu ya chuma. Hata kila molekuli ya dripu hiyo ikijaza gando lake, chuma chote kilichoshikwa hakifiki miligramu moja. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne za chuma, na kila siku unazungusha miligramu 20 hivi kutengenezea damu mpya. Kwa hiyo bleomisini haiwezi kumpunguzia damu kwa «kumla» chuma, wala haiwezi kukikosa chuma ndani ya seli kwa sababu mtu hakula maini wiki hii. Aliyepungukiwa chuma hadi damu ikashuka bado ana cha kutosha ndani ya seli zake kwa dozi ndogo kama hiyo.

Na upande wa pili, kumeza chuma hakumimini chuma huru ndani ya viini vya seli. Kinachofyonzwa tumboni hufungwa na protini ya kukisafirisha kwenye damu, na kinachozidi huwekwa akiba ndani ya protini nyingine, feritini. Seli hukilinda chuma kama mwenye nyumba anavyolinda moto jikoni. Bleomisini nayo haikai mwilini: nusu ya iliyomo kwenye damu hutoka ndani ya saa mbili hadi nne hivi, na figo huitoa sehemu kubwa kupitia mkojo. Sioni sababu ya kitabibu ya kumkataza mgonjwa wa bleomisini chakula chenye chuma, au vidonge vya chuma anavyovihitaji kweli.

Lakini je, anavihitaji? Hapo ndipo ningeomba tusimame kidogo. Damu ya 8.9 kwa mtu wa Hodgkin aliye katikati ya ABVD ina sababu kadhaa, na upungufu wa chuma si lazima uwe mmoja wao. Bleomisini yenyewe huigusa kidogo sana mashine ya kutengeneza damu iliyo ndani ya mifupa. Doksorubisini, vinblastini na dakarbazini, yaani hizo dawa tatu nyingine, ndizo huiminya. Ugonjwa wenyewe pia huleta uvimbe wa ndani unaolifanya ini kutoa homoni ya hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma utumboni na kukifungia kile kilichopo kwenye ghala. Mgonjwa wa namna hiyo ana chuma tele lakini hakitoki, na FEFO humpa kuvimbiwa, choo kigumu cheusi, na basi.

Kipimo kinachotenganisha haya ni feritini pamoja na kiwango cha chuma kilichobebwa kwenye protini ya usafirishaji. Feritini iliyo chini ya 30 ni upungufu wa chuma, hakuna ubishi. Kwa mtu mwenye uvimbe au maambukizi feritini hupanda kwa uongo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapandisha mpaka wa upungufu hadi 70 kwa watu kama hao. Ikiwa mamia kadhaa, vidonge viwekwe pembeni. Wakati wa kupima, apimwe malaria pia, na minyoo ya safura, na kama hajawahi kupimwa siko seli, apimwe. Hayo ni mambo ya kawaida katika ukanda wetu na yanaweza kujificha nyuma ya neno «saratani».

Akithibitika kupungukiwa, kidonge kimoja cha FEFO chenye takriban miligramu 60 za chuma, mara moja kwa siku au hata siku moja baada ya nyingine, kinatosha. Asikinywe na chai wala maziwa. Mpaka majibu yaje, kama keshaanza kunywa, hajajidhuru, na hana haja ya hofu kwa dripu zilizopita.

Maini ale, yaliyoiva vizuri, mara moja au mbili kwa wiki. Dagaa, kunde, matembele, vyote sawa. Rozela anywe kama kinywaji. Faida yake ni vitamini C inayosaidia chuma cha mboga kufyonzwa, rangi yake haina damu ndani. Bitiruti vivyo hivyo: wekundu wake hautokani na chuma, na chuma chake ni kidogo. Nasema hivi kwa sababu nawaona ndugu wakitumia fedha nyingi kwa vitu vyekundu.

Ninachokataza ni vitamini C ya dozi kubwa, vile vidonge vya miligramu 1000 vinavyochemka kwenye maji, au ya kudungwa. Kwenye maabara vitamini C hukirudisha chuma cha bleomisini kutoka chaji tatu hadi mbili, na dawa huanza mzunguko mwingine wa kukata. Kama hilo hutokea kwenye mapafu ya mtu halijathibitishwa. Hata hivyo hakuna faida inayotufanya tuijaribu bahati. Dawa za miti za «kusafisha sumu» nazo aziache kwa sababu nyingine: figo. Figo zikichoka, bleomisini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na hili ni hatari iliyothibitika kuliko maini yote ya soko la Darajani. Diklofenaki na ndugu zake za maumivu ziko kundi hilohilo. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, iangaliwe kabla ya dripu, na kama utendaji wa figo umeshuka chini ya mililita 50 kwa dakika, dozi ya bleomisini hupunguzwa.

Kwa nini mapafu ndiyo yanayoumia? Seli nyingi za mwili zina kimeng'enya kinachoivuruga bleomisini kwa kubadilisha sehemu ndogo karibu na gando, na baada ya hapo dawa haiiamshi oksijeni kama zamani. Kimeng'enya hicho ni kichache kwenye mapafu na kwenye ngozi. Ngozi ndiyo maana huota michirizi myeusi kama ya fimbo kwa baadhi ya wagonjwa. Mapafu yana kosa la ziada: ndiyo yenye oksijeni nyingi kuliko kiungo chochote. Ulinzi mdogo, oksijeni tele. Seli zikiumia huja uvimbe, na uvimbe ukiachwa huacha makovu yasiyopitisha hewa.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata madhara ya mapafu, na mmoja hivi kati ya mia hufa kwayo. Hatari hupanda jumla ya dawa ikipita yuniti 400, kwa wazee, kwa wavuta sigara, na kwa wenye figo dhaifu. Mdogo wako baada ya dripu tano yuko kwenye yuniti 85 hivi, mbali na hapo, ila madhara yamewahi kutokea kwa dozi ndogo, na ndiyo maana sikukubali kikohozi kingoje. Kikithibitika kuwa ni dawa, bleomisini husimamishwa kabisa na mara nyingi mgonjwa hupewa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki kadhaa, ikishushwa taratibu. Tiba ya saratani haifi hapo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao picha ya PET, inayoonyesha kama saratani bado ina uhai, ilikuwa safi baada ya mizunguko miwili ya dripu mbilimbili, wakaondolewa bleomisini na kuendelea na dawa tatu, walifanya karibu sawa na walioendelea na zote nne. Muulizeni daktari wake swali hilo kwa jina, kwa sababu dripu tano ni mizunguko miwili na nusu, na uamuzi huo uko mezani sasa hivi.

Niseme kidogo kuhusu ile dawa nyekundu, doksorubisini, maana nayo huitwa antibayotiki na nayo hucheza na chuma na oksijeni. Madhara yake makubwa ya muda mrefu huelekea moyo, na huhesabiwa kwa jumla ya maisha. ABVD mizunguko sita inafika miligramu 300 kwa mita mraba, chini ya mpaka wa 450 unaoogopwa. Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu ni rangi ya dawa, si damu.

Kuhusu oksijeni ya hospitali. Hofu hii ilianza mwaka 1978, ripoti ilipotoka Marekani juu ya wagonjwa watano waliowahi kupata bleomisini na wakafa kwa mapafu kushindwa baada ya upasuaji. Waliofuata, ambao walipewa oksijeni iliyokaribia hewa ya kawaida na maji ya dripu kwa uangalifu, walipona. Kikemia inaeleweka: mapafu yaliyokwisha kuguswa, ukiyamwagia oksijeni ya asilimia mia, unayaongezea kuni. Lakini uchunguzi wa 1998 kwa kundi kubwa zaidi uliona kwamba maji mengi ya dripu wakati wa upasuaji yalikuwa na uzito kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo ushahidi si wa kauli moja, na madaktari wamechagua njia ya tahadhari: oksijeni kidogo iwezekanavyo, na maji kwa kipimo.

Hiyo si sawa na kusema «haruhusiwi». Mtu ambaye oksijeni imeshuka kiasi cha kutishia uhai huwekewa oksijeni, awe alipata bleomisini au la. Kinachobadilika ni lengo. Badala ya kumfikisha 98 au 100, wengi hulenga 88 hadi 92, na mwongozo wa madaktari wa mapafu wa Uingereza hushuka hadi 85–88 kwa yule ambaye mapafu yake yameshaumizwa na dawa hii. Tafadhali asije mtu wa nyumbani akamng'oa barakoa ya oksijeni kwa kusikia maneno ya barazani.

Ngiri, kama inarudi ndani ikisukumwa na haiumi, ingoje hadi tiba iishe na damu ipande. Siku ikifika, ulizeni kama inaweza kufanywa kwa ganzi ya mahali au sindano ya mgongo. Kwa ngiri ya kinena mara nyingi inawezekana, na mgonjwa huvuta hewa ya kawaida muda wote, kwa hiyo swali la oksijeni karibu linajifuta. Lakini ngiri ikikaza, ikauma na kutapisha, hiyo ni dharura, apelekwe usiku huohuo.

Kwa vyovyote daktari wa usingizi ajue. Andikeni kwenye karatasi ngumu na ikae pamoja na kitambulisho chake: jina la dawa, jumla ya yuniti, tarehe ya dozi ya mwisho, kreatinini ya karibuni, na kama mapafu yaliwahi kusumbua. Angalieni vipimo visiwachanganye. Kichupa kimoja kinaweza kuandikwa yuniti 15 na kingine yuniti za kimataifa 15,000, na ni kiasi kilekile. Karatasi hiyo aitunze miaka yote, kwa sababu hakuna mwaka ambao wote wamekubaliana kwamba tahadhari inaisha.

Kuzamia kwa mitungi ndilo jambo ambalo jibu langu halitampendeza. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu ya maji, na hewa ileile ya kawaida huyapa mapafu oksijeni sawa na mtu anayevuta oksijeni ya zaidi ya asilimia 80 nchi kavu. Wakati wa tiba asizamie kabisa. Ikithibitika kwamba mapafu yameumia, atafute kazi nyingine ya baharini. Yakiwa mazima, asirudi kwenye mitungi kabla ya kupimwa mapafu, pamoja na kipimo cha namna yanavyopitisha gesi, na kuonwa na daktari anayejua tiba ya wapiga mbizi. Madaktari wengine bado watamkatalia, na nawaelewa. Kuendesha boti na kuongoza watalii juu ya maji hakuna tatizo akishapata nguvu.

Kwa sasa, kipima oksijeni cha kidoleni kiwe nyumbani. Apime asubuhi ameketi, kidole kikiwa na joto, na tena baada ya kutembea. Ikisoma chini ya 92 akiwa amepumzika, au ikishuka kwa pointi nne akitembea, nendeni hospitali siku hiyo. Homa ya 38 au zaidi kati ya dripu na dripu ni dharura hata kama kikohozi kimekwisha, kwa sababu ya chembe nyeupe zilizoshuka: msingoje asubuhi, na msimpe parasetamoli kwanza ili «kuona kama itashuka».